Namba kumi iko wapi? Kutafuta chanzo cha spana kupotea, kushika kutu na kusahaulika gereji

Gereji zote nilizopitia, kuanzia ya chini ya mwembe hadi yenye shimo na paa la bati, zina wimbo mmoja. Unaanza saa tatu asubuhi, gari la kwanza likishafunguliwa boneti: "Namba kumi nani kaichukua?" Yaani spana ya milimita 10. Dogo anamtazama fundi, fundi anamtazama fundi umeme, fundi umeme anaangalia pembeni. Dakika zinakatika. Mwishowe mtu anachomoa spana malaya (ile ya mdomo unaopanuliwa na kubanwa; jina ndilo hilo, hatukulitunga sisi), nati inaliwa kona, na kazi ya nusu saa inageuka ya mchana kutwa.

Kwa kawaida tunamsaka mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kumnunia kijana wa watu wiki nzima kwa ajili ya spana ya 14 iliyokuwa imelala juu ya kava la chini ya injini ya gari la mteja. Ilikwenda Morogoro ikarudi. Mteja ndiye aliyeileta: "Fundi, kuna kitu kinagonga huku chini." Tangu siku hiyo, spana ikipotea nauliza kwanza habari za mahali. Ilitakiwa ilale wapi? Na pale pake palipobaki patupu, kuna aliyepaona?

Nimepanga maelezo haya kwa malalamiko, kama tunavyopokea gari. Mteja anasema linalia, sisi tunatafuta linalia wapi.

"Zinapotea, wala hujui zimepotea lini"

Kipimo ni rahisi. Simama mlangoni, tazama zinapokaa spana zako kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, kisha taja ipi haipo. Ukishindwa, chanzo umekipata: hifadhi yako haisemi. Boksi la chuma ambamo kila kitu kinamwagwa linaweza kupungukiwa spana tatu na bado likaonekana limejaa. Utagundua siku unayoihitaji, na siku hiyo huwezi kukumbuka gari lipi lilifanyiwa kazi mwisho.

Kwa nini namba kumi ndiyo bingwa wa kupotea? Kwa sababu bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, huwa na kichwa cha milimita 10, na M6 iko kila kona ya gari: vibano vya betri, makava ya plastiki, vishikizo vya nyaya, mabomba madogo. Inachukuliwa na kuwekwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote, ni ndogo, na sehemu inakofanyia kazi ina mianya mingi ya kuimeza. Kwa hiyo usipoteze muda kuwaza uchawi. Kuwa na namba kumi mbili ni hesabu tu, ilimradi zote mbili ziwe na mahali palipoandikwa.

Dawa ni ubao wenye vivuli. Chukua plaiwudi ya milimita 12 au 18, upake rangi nyepesi, uzipange spana juu yake kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha uchore mzunguko wa kila moja na kuujaza kwa rangi kali, nyekundu au nyeusi. Andika namba ndani ya kivuli. Namba ikiwa pembeni, baada ya miezi michache watu hubishana kama ni ya kivuli cha kushoto au cha kulia. Misumari ipigwe ikiinamia juu kidogo ili spana isiteleze ikiguswa na bega. Ning'iniza kwa upande wa ringi, ule wa duara. Msumari wa spana ya 8 uwe mwembamba, maana ringi yake haipiti kwenye msumari mnene, na spana isiyoingia kirahisi hairudishwi.

Mwenye kabati la droo ana njia nzuri zaidi. Mikeka ile ya rangi ya kuunganishwa vipande, wanayochezea watoto, ni sponji ngumu isiyonywa maji. Nunua ya rangi mbili. Wa juu, tuseme mweusi, ukate kwa umbo la kila spana. Wa chini, wa njano, uuache mzima, kisha uzigandishe pamoja. Spana ikitoka, njano inakutazama. Mafundi wa ndege hutunza vifaa vyao kwa mtindo huu, kwa sababu kwao spana iliyosahauliwa kwenye injini ni jambo la uhai. Usitumie sponji ya godoro. Inanyonya unyevu na kuulaza kwenye chuma.

Ubao peke yake hautoshi kama hakuna anayeutazama wakati unaofaa, na wakati huo ni kabla boneti haijafungwa. Jioni umeshachelewa, gari limeondoka. Kwangu, anayefunga boneti ndiye anayetupia jicho ubao. Kivuli kikiwa wazi bila sababu inayojulikana, boneti haifungwi.

Wapo pia majirani. "Fundi, niazime kumi na saba mara moja." Hiyo mara moja inaweza kufika Ijumaa ya pili. Kata vipande vya bati ukubwa wa sarafu, utoboe tundu, uandike kwenye kila kimoja jina la fundi au gereji ya jirani. Anayechukua spana anatundika kibati chake pale pale ilipotoka. Hakuna anayenuna kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa haaminiki.

"Ubao nilitengeneza, baada ya wiki ukawa pambo"

Hili nimeliona mara nyingi kuliko kukosekana kwa ubao wenyewe. Pima hatua. Kama ubao uko mbali na gari, au lazima uzunguke gari jingine kuufikia, spana zitalala juu ya tairi, kwenye bampa na sakafuni. Mikono yenye oili haitembei hatua ishirini kurudisha spana ambayo itahitajika tena baada ya dakika tano, na nani angemlaumu?

Kwa hiyo weka kituo cha katikati. Dumu la lita 20 lililopasuliwa ubavuni ni trei safi kabisa. Spana zinatoka ubaoni, zinaingia kwenye trei ya gari hilo, na zikitoka kwenye trei zinarudi ubaoni kwa mkupuo mmoja kazi ikiisha. Kosa linaanza pale gari moja linapokuwa na trei moja na mfuko wa ovaroli. Mfuko wa ovaroli ndio njia kuu ya spana kwenda nyumbani kwa mtu asiye na nia mbaya hata kidogo.

Sumaku ya spika mbovu iliyobanwa kwenye trei inashika nati na spana ndogo vizuri. Usiiache lakini mahali unaposaga au kupiga msasa, maana inavaa ndevu za vumbi la chuma. Spana zilizokaa juu yake muda mrefu nazo zinashika usumaku, kisha zinabeba vumbi hilo hadi kwenye beringi.

Sababu nyingine ya ubao kukataliwa ni tamaa. Seti nzima ya 6 hadi 32, za ringi, za mdomo, soketi na bisibisi zote kwenye ubao mmoja, jicho linachoka. Ubao wa kila siku uwe na zile zinazotoka kila siku. Kwenye gereji zetu zilizojaa Toyota, hizo ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 ya nati za tairi. Bolti ya M8 kwenye magari ya Kijapani ina kichwa cha 12, ilhali ya Mjerumani ni 13. M10 ya Mjapani ni 14, ya Ulaya ni 16 au 17. Ndiyo maana 11 na 15 zako bado zinang'aa kama zilivyotoka dukani. Zipeleke droo ya chini, zisubiri siku yao.

"Spana ni ya saizi yake, lakini nati inaliwa"

Kabla hujalaumu spana ya bei poa, angalia kama hujachanganya inchi na milimita kwenye boksi moja. Anayegusa trekta la zamani kama Massey Ferguson 135, au Land Rover za enzi hizo, hawezi kukwepa inchi. Tabu ni kwamba baadhi ya saizi zinafanana kiasi cha kudanganya mkono. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana yake na ya 19 zinabadilishana bila madhara. Tano kwa nane ni 15.88, nayo inakaribia 16. Ila nusu inchi ni 12.7. Spana ya 13 juu ya nati hiyo inaingia, inacheza, na nati ikiwa imekaza inakula kona zote sita. Tisa kwa kumi na sita ni 14.29, na ukiivalisha juu ya nati ya 14 inafanya ukatili ule ule.

Hapa mpangilio ndio fundi. Inchi zikae ubao wao au droo yao, na kila moja ipakwe pete ya rangi ya kucha shingoni. Rangi ya kucha inashika kuliko rangi ya mafuta, haiogopi dizeli, na kichupa kimoja kinamaliza seti nzima. Kwetu nyekundu ni inchi. Hata gizani chini ya gari, ukimulika tochi ya simu unajua umeshika nini bila kusoma namba iliyofutika.

Kama hakuna mchanganyiko na nati bado zinaliwa, tazama mdomo wa spana. Mdomo uliopanuka huonekana ukiingiza nati mpya na kuitikisa. Spana hiyo isirudi ubaoni. Nimeona watu wakiitundika "kwa dharura", na dharura inapofika ndiyo inayochukuliwa kwanza. Iwe nyundo ndogo, iwe ya kukorogea rangi, lakini kivuli chake kibaki wazi hadi upate nyingine.

"Nilizifuta vizuri jana, leo zina wekundu"

Sisi wa pwani kutu ni jirani yetu. Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yenyewe ina chumvi. Lakini kutu haiji kwa namna moja, na ukiisoma ilivyokaa itakwambia ilikotoka.

Imetokea kwenye spana zote, kwa usiku mmoja, baada ya usafi? Uliosha kwa petroli. Petroli inaondoa uchafu pamoja na utando wote wa mafuta, chuma kinabaki uchi, na unyevu wa alfajiri unakikuta hivyo. Huyu ndiye mkosaji mkuu kwenye gereji zinazojitahidi kuwa safi, na inauma, kwa sababu spana za jirani mchafu anayezifuta kwa tambara la oili hazina doa. Osha kwa dizeli au mafuta ya taa ukitaka, futa, kisha pitisha tambara lenye oili safi kidogo sana, kiasi cha kuacha mng'ao tu.

Nimesema oili safi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini imebeba asidi na maji yatokanayo na kuungua kwa mafuta, kwa hiyo unapakaa dawa yenye ugonjwa ndani yake. Maji ya breki ni mabaya zaidi, yananyonya unyevu hewani na kubabua rangi. Grisi inazuia kutu kweli, ila inakusanya mchanga na kufanya spana iponyoke mkononi.

Kutu ikiwa upande mmoja tu, ule uliogusa ubao au ukuta, ni unyevu wa ukuta. Ukuta wa saruji hupitisha maji wakati wa masika hata kama nje umepakwa rangi. Weka vipande vya mbao nyuma ya ubao, unene wa vidole viwili, hewa ipite. Madoa yenye umbo la vidole ni jasho, na kuna watu jasho lao ni kali kuliko la wengine. Huyo asitukanwe, apewe tambara.

Kutu inayokuja na unga mweupe au wa kijani kwenye vitu vya karibu, tafuta chaja ya betri. Betri inayochajiwa hutoa mvuke wenye asidi, na kabati lililo juu ya chaja linaoga mvuke huo kila siku. Hamisha chaja. Kuhamisha spana pekee hakutoshi, maana mvuke utatafuta kingine cha kula.

Wanaofanyia kazi ndani ya kontena wana shida yao. Bati lake linapoa haraka usiku, hewa ya joto iliyobaki ndani inatoa umande, na asubuhi ukifungua unakuta vyuma vimetoka jasho. Toboa matundu ya hewa juu na chini kwenye pande zinazotazamana, uyafunike kwa wavu, na usihifadhi spana zikigusa bati.

Kutu ikishaingia, laza spana kwenye siki ya kawaida kwa saa chache, uichungulie, usiisahau hadi kesho kutwa. Toa, sugua kwa brashi, suuza, kisha ichovye kwenye maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki. Kausha juani hapo hapo na upake oili. Spana nyeusi itapoteza weusi wake kwenye siki, hilo ulijue mapema. Iliyopakwa kromu yenye vidoa vidogo haihitaji siki. Karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, ifinyange, ilowanishe, sugua. Kromu iliyoanza kubanduka haina tiba. Piga tupa kingo zinazochana mikono, ipake oili, endelea na kazi.

"Nimefika kwa mteja, spana imebaki gereji"

Kama unatumia seti moja kwa gereji na kwa kazi za nje, hili litakupata, na kinyume chake pia: uko gereji, spana ziko kwenye boksi la pikipiki. Hakuna ubao unaotibu hilo. Tenga seti mbili. Najua ni gharama, kwa hiyo nunua ya safari polepole, moja moja. Wengi hupeleka zile mbovu safarini na kuacha nzuri nyumbani. Mimi nafanya kinyume. Gereji ukivunja spana jirani yupo. Barabarani kati ya Chalinze na Segera, saa mbili usiku, jirani ni nani?

Usibebe kila kitu. Angalia unatengeneza nini. Fundi wa Toyota anatosheka na zile nilizotaja, soketi zake na racheti moja, plaizi, bisibisi na alenki (funguo za bolti zenye tundu la pembe sita) chache. Spana za Kijapani za ringi mbili, 10 kwa 12 au 14 kwa 17, zinapunguza uzito kwa sababu moja inabeba kazi mbili. Ukipokea simu ya gari la Kijerumani ongeza 13, 16 na 18 kabla hujatoka.

Kifaa bora cha kubebea ni turubai la kukunja. Mpelekee fundi cherehani kipande cha turubai nene, umweleze mifuko ya kusimama, myembamba kushoto ikipanuka kuelekea kulia, na kina chake kimeze theluthi mbili tu ya spana ili kichwa kionekane. Juu pawe na ulimi wa kukunjia, spana zisichomoke. Andika namba juu ya kila mfuko kwa kalamu ya wino mzito, na pembeni andika idadi yote. Langu limeandikwa 14. Kukiwa na giza sihitaji hata tochi. Napitisha kidole, mfuko mtupu unajisema wenyewe. Fungia kwa utepe wa mpira wa tyubu, kamba hujifunga fundo usilolitaka.

Ubaya wa turubai ni kwamba likilowa linashika maji siku nzima. Ukirudi kutoka kazi ya mvua, likunjue na ulitandaze usiku huo huo. Ngozi ni nzuri kwa macho, lakini nayo hushika unyevu, na dawa za kuilainisha si rafiki wa chuma.

Malalamiko ya "boksi haliinuki" hayahitaji maelezo mengi: umeweka spana za 24 hadi 32 pamoja na za kila siku. Zitenganishe. Hizo kubwa zitunge ringi kwa ringi kwenye waya mnene uliokunjwa ndoano, kama samaki wa mtungo, zibaki kwenye gari. Kuzitoa ni usumbufu, ila huzitoi kila siku, na kuzihesabu ni mara moja. Zikigongana safarini, zifunge kwa tyubu katikati.

Ndoo ya rangi ya lita 20 naipenda kwa nyundo, nondo na jeki ndogo. Kwa spana ni lile lile boksi la kumwaga, limebadilishwa umbo.

Spana ya toki

Hii, ya kukazia nati kwa nguvu iliyopimwa, isichanganywe na nyingine zote. Kama ni ya kuzungusha mpini, ukimaliza kazi irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kilichoandikwa, usishuke zaidi ya hapo, maana springi ikikaa imebanwa miezi mingi vipimo vinahama. Ilale ndani ya boksi lake, isitundikwe, isiwekwe chini ya racheti nzito, na isitumike kulegeza nati hata kama mpini wake mrefu unatamanisha. Boksi la kwangu nimelifungia juu ya kabati, na ufunguo uko ubaoni, kwenye kivuli chake.